Maganda ya Delbert Kvamme

Nilinunua mnadani kwa dola kumi na moja
ndoo tatu za maganda ya risasi
na mashine ya kuyajazia, wenzo wake umepinda.
Dalali hakuyahesabu. Theluji ilimwingia kwenye kola,
na sisi wa Dakota Kaskazini hatubishani bei
vidole vikishakufa ganzi.

Nikayamwaga chumba cha chini, kando ya tanuri.
Mekundu, meusi, ya kijani,
na moja dogo la manjano, geji ishirini,
limejipenyeza katikati ya kumi na mbili.
Hilo nililitoa kwanza.
Likiteleza ndani ya mtutu hukaa kimya,
likimsubiri mkubwa aingie nyuma yake.

Kisha kazi yenyewe, kuchungulia.
Ganda na ganda ni pacha
mpaka uwashe tochi utazame ndani.
Hili limemiminwa kipande kimoja,
tumbo linabana kadiri linavyoshuka;
lile kuta zake zimenyooka,
na sakafu yake imepachikwa baadaye.
Kikombe cha plastiki kinachobana hapa
kule kitapwaya, moto upenye pembeni.

Jedwali limeshasema:
ganda hili, fataki hii, baruti hii, kikombe hiki.
Ukibadili kimoja umevunja ndoa yote.
Usiniambie "karibu sawa."
Karibu-sawa ndiye aliyempasulia Einar Lokken mtutu
mwaka ule wa mafuriko,
na hadi leo Einar husalimia kwa mkono wa kushoto.

Yaliyochanika mdomo, pipani.
Yenye kutu kitakoni, pipani.
Yaliyokanyagwa na trekta
hata sikuyainamia.

Chini kabisa ya ndoo ya tatu, mfuko wa unga.
Ndani, maganda mekundu ya aina moja,
kila kitako kimetiwa tone
la rangi ya kucha, waridi.
Na daftari.

Delbert, mtu wa kuimaliza Novemba nzima
kwa maneno arobaini, mengine yakiwa ya mbwa,
aliandika kwa penseli:
*A. Bega. Marisaa pungufu, baruti ya upole.
Kwa jedwali, si kwa kukisia.
Asijue.*
Tarehe, wiki sita baada ya upasuaji.
Halafu tarehe nyingine, na nyingine,
miaka tisa ya tarehe.

Nikampelekea Ardis.
Alikuwa akivifunga vikombe kwa magazeti.
Alisoma amesimama, akarudia mstari wa kwanza,
akaketi juu ya sanduku lisilostahili kukaliwa.
Ndani yake kitu kikavunjika, hakujali.

"Mimi nilidhani bega limepona," akasema.
"Nilikuwa namtambia, unajua?
Kila Jumatano uwanjani, sahani ishirini na mbili,
ishirini na tatu kati ya ishirini na tano,
namwambia, Delbert, tazama mkono wa mwanamke.
Naye anaokota maganda yangu,
anaguna tu."

Tanuri lake liliwaka, likazima.
"Yako mangapi?"
"Kumi na tisa mazima."
"Yajaze."
"Kwa kipimo kilekile?"
Akalishika bega, akalizungusha polepole
kama mtu anayejaribu kitasa cha zamani.
"Bega ni lilelile," akasema.

Usiku nikaketi mbele ya mashine.
Fataki ya zamani nje, mpya ndani.
Baruti niliipima mizanini mara mbili,
ya tatu kwa ajili ya Delbert.
Kikombe kikashuka bila kusukumwa.
Marisaa yakanong'ona yakiingia,
na mikunjo minane ikafumba mdomo
juu ya neno lisilosemwa.

Kumi na tisa. Nikayapanga.
Alama zake zilikuwa zimeshachubuka.

Kwa hiyo Jumamosi, mtu mzima wa miaka sitini na minne,
buti zangu zikichuruzika kwenye vigae vya duka la dawa,
nilisimama mbele ya rafu ya rangi za kucha,
ganda mkononi,
nikitafuta waridi ileile.
Binti wa kaunta akaniletea moja:
"Hii ni karibu sawa."
Nikamwambia hapana, mama,
tuendelee kutafuta.